William Hogarth: Mnakshi aliyeicheka London na kulinda jasho lake

Mwanzoni mwa karne ya 18, mwalimu mmoja wa Kilatini jijini London alifungua mkahawa katika eneo la Clerkenwell, penye lango la kale la St John. Sharti lake lilikuwa la ajabu: wateja waliombwa wazungumze Kilatini huku wakinywa kahawa. Wateja wa aina hiyo hawakuwa wengi. Biashara ilianguka, wadai wakabisha hodi, na Richard Hogarth akajikuta mfungwa wa madeni katika gereza la Fleet.

Mwanawe William, aliyezaliwa Novemba 10, 1697 karibu na soko la mifugo la Smithfield, alikuwa mtoto wa takriban miaka 10 wakati huo. Kwa desturi ya zama hizo, mdaiwa hakufungwa peke yake. Jamaa zake walimfuata, wakaishi naye gerezani au katika vyumba vya kupanga vilivyouzunguka ukuta wake. Mama yake, Anne, aliuza dawa ya msokoto wa tumbo kwa watoto wachanga ili jungu lipate kuinjikwa. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa miaka mitano hivi, hadi sheria ya mwaka wa 1712 ilipowafungulia milango wadaiwa wengi.

Richard alikuwa pia ameandika kamusi ya Kilatini aliyoitegemea imwokoe. Wauza vitabu, ambao ndio waliokuwa wachapishaji wa siku hizo, hawakuichapisha. Alifariki mwaka wa 1718, na hadi uzeeni William aliamini kwamba wafanyabiashara hao ndio waliomvunja moyo baba yake. Bila kulijua hilo ni vigumu kuelewa kwa nini mchoraji huyu, ambaye dunia inamkumbuka kwa kuchekesha, alitumia nusu ya maisha yake akigombana na watu wa maduka ya picha na vitabu.

Kutokana na ufukara huo, William hakupelekwa chuoni. Mnamo 1714 alitiwa uanagenzi kwa Ellis Gamble, mnakshi wa vyombo vya fedha, ambako alijifunza kuchora nembo za mabwana kwenye sahani na mabilauri. Ilikuwa kazi ya subira na ya kuchosha, nayo haikumpendeza. Hakumaliza muda wake wa uanagenzi. Mwaka wa 1720 alianza kujitegemea, akachapisha kadi za maduka na picha ndogondogo, huku jioni akijifunza kuchora katika chuo cha St Martin's Lane.

Kazi ya kunakshi picha kwenye shaba inahitaji kuelezwa, kwani maisha yake yote yalizunguka bamba hilo. Fundi aliweza kulichonga bamba moja kwa moja kwa chuma chenye ncha kali, akisukuma polepole na kuacha mifereji myembamba. Au aliweza kulipaka nta, akachora juu ya nta hiyo kwa sindano, kisha akalimwagia tindikali ikala shaba pale tu palipokwaruzwa. Baadaye wino ulisuguliwa ndani ya mifereji, uso wa bamba ukapanguswa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake na vyote viwili vikapitishwa katikati ya magogo ya mashine ya kuchapia. Kilichochorwa kulia kilitokea kushoto. Bamba moja lingeweza kutoa mamia ya nakala na zaidi kabla ya mistari yake kufifia, na hapo ndipo penye faida ya kazi hii na hatari yake pia, kwa kuwa yeyote aliyepata nakala moja aliweza kumpa fundi mwingine aichonge upya.

Hogarth aliliona hilo mapema. Mnamo mwaka wa 1724 alichapisha picha iliyowakejeli wakubwa wa London waliokuwa wakiacha tamthilia za kwao na kukimbilia opera za Kitaliano na ngoma za vinyago. Ilipendwa. Lakini punde si punde maduka yalijaa nakala za kuigiza zilizouzwa kwa nusu ya bei, na msanii akalazimika kuliachilia bamba lake kwa malipo waliyotaka wenye maduka. Kwa mtu aliyemwona baba yake akinyauka mikononi mwa watu wa aina hiyo, hasara hiyo ilimwingia hadi kwenye mfupa.

Umaarufu wake katika vitabu ulianza na Hudibras. Hili lilikuwa shairi refu la Samuel Butler, lililotoka kwa sehemu tatu kati ya 1663 na 1678, likiwafanyia dhihaka Wapyuritani waliotawala Uingereza baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Shujaa wake ni bwana mnene mwenye kitambi, anayepanda farasi mkongwe na kuzunguka na msaidizi wake Ralpho, akijidai kusafisha maadili ya watu ilhali yeye mwenyewe ni mnafiki na mwoga. Kwa hakika ni Don Quixote aliyenyang'anywa wema wake.

Mwaka wa 1726 Hogarth alitoa picha 12 kubwa za shairi hilo, zikichapishwa na muuza picha Philip Overton. Ziliuzwa kwa watu waliojiandikisha kabla, na zilitunukiwa watu wawili, William Ward wa Great Houghton na mshairi wa Edinburgh, Allan Ramsay. Kulikuwa na picha nyingine ndogo zaidi zilizotiwa ndani ya kitabu chenyewe mwaka huohuo. Hizo ndogo zilifuata kwa kiasi michoro ya toleo la zamani na hazina uhai mwingi. Zile kubwa ni habari nyingine kabisa. Katika mojawapo, mume aliyetawaliwa na mkewe anatembezwa mtaani kwa aibu, amepandishwa farasi huku amegeuka nyuma, watu wakipiga masufuria na kurusha uchafu, na Hudibras anajaribu kuizuia ghasia hiyo bila kufua dafu. Katika nyingine umati wa London unachoma nyama barabarani kulicheka bunge lililoanguka.

Hapo Hogarth alijifunza jambo ambalo wachoraji wengi wa vitabu hawakulijua. Walikuwa wakimsimamisha mhusika katikati ya picha kama sanamu. Yeye alimjaza mtaa mzima nyuma yake, kila uso ukiwa na kisa chake, hata mbwa. Mtazamaji alilazimika kuisoma picha badala ya kuitazama tu, naye aliweza kuirudia mara kumi na kupata jipya kila mara.

Licha ya hayo, picha za vitabu zilimwacha akiwa kibarua wa mwenye duka. Baadaye alitengeneza mabamba ya Don Quixote kwa ajili ya toleo la kifahari la Kihispania lililotoka London mwaka wa 1738, lakini kazi hiyo ikapewa John Vanderbank, mmoja wa walioongoza chuo kile alichosomea. Kabla ya hapo, fundi mmoja wa mazulia ya ukutani, Joshua Morris, alikuwa amekataa kumlipa kwa mchoro aliomwagiza, akidai kuwa amegundua Hogarth ni mnakshi wala si mchoraji wa rangi. Hogarth alimshtaki na kushinda kesi hiyo mwaka wa 1728.

Mwezi Machi 1729 alitoroka na Jane, bintiye Sir James Thornhill, mchoraji wa mfalme, wakafunga ndoa katika kanisa la Paddington bila ruhusa ya mzee. Mwaka huo pia kamati ya Bunge ilichunguza ukatili wa mkuu wa gereza la Fleet, Thomas Bambridge, na Hogarth akaichora ikimhoji. Mfungwa mwenye matambara amepiga magoti mbele ya wabunge, na uso wa Bambridge ni wa mtu aliyenaswa. Ni nadra mtoto wa mahabusi kupata nafasi kama hiyo.

Kisha akafikia wazo lililobadili maisha yake. Kwa nini asubiri mtu aandike kitabu ndipo achore? Angeweza kuandika kitabu chake mwenyewe kwa picha tupu. Mwaka wa 1732 alitoa A Harlot's Progress, kisa cha msichana wa mashambani aitwaye Moll Hackabout. Katika picha ya kwanza anashuka kutoka kwa gari la farasi na kupokewa na kuwadi mwenye uso wa madoa, huku kasisi aliyepaswa kumlinda akiwa amempa mgongo. Anakuwa kimada wa tajiri, kisha kahaba wa mtaa wa Drury Lane, anakamatwa, anaponda katani gerezani Bridewell, na hatimaye anakufa kwa ugonjwa akiwa na umri wa miaka 23. Katika picha ya sita watu wamelizunguka jeneza lake, na karibu wote wana shughuli nyingine. Kasisi wa maziko ameutia mkono mahali pasipofaa.

Watu wa London waliwatambua baadhi ya wahusika. Kuwadi alikuwa Elizabeth Needham, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia baada ya kupigwa mawe na umati alipowekwa hadharani kama adhabu. Mzee anayemnyemelea Moll mlangoni alikuwa Kanali Francis Charteris, aliyepatikana na hatia ya ubakaji mwaka wa 1730 akasamehewa na mfalme. Seti zaidi ya 1,200 ziliuzwa kwa waliojiandikisha, kila moja kwa gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja. Hogarth aliziuza mwenyewe nyumbani bila kupitia kwa mwenye duka. Inasimuliwa kuwa Thornhill alipoziona picha hizo alikiri kwamba kijana anayeweza kazi kama ile hahitaji mahari ya mtu, na uhasama ukaisha.

Hata hivyo, maharamia walifurika tena. Nakala za kuigiza zilionekana kila pembe, nyingine zikiwa zimechongwa vibaya mno. Wanamuziki wa leo wanaosikia nyimbo zao zikiuzwa mitaani bila wao kuonja senti wataielewa ghadhabu yake. Tofauti ni kwamba Hogarth hakukuwa na sheria yoyote ya kukimbilia. Sheria ya mwaka wa 1710 iliwalinda waandishi wa vitabu, lakini picha haikutajwa humo.

Aliwakusanya wanakshi wenzake, wakapeleka ombi Bungeni mwanzoni mwa 1735. Walieleza jinsi wenye maduka walivyoshikana kuwapunja wasanii, wakichukua faida yote na kuwaachia mafundi makombo. Bunge lilikubali. Sheria iliyopitishwa ilimpa aliyebuni picha haki ya kuichapisha peke yake kwa miaka 14, mradi jina la mwenye mali na tarehe viandikwe kwenye bamba. Aliyenaswa na nakala haramu alitozwa shilingi tano kwa kila karatasi. Hadi leo wanasheria wanaiita Sheria ya Hogarth.

Wakati huo tayari alikuwa na mfululizo mwingine, A Rake's Progress, picha nane za Tom Rakewell, kijana anayerithi mali ya baba bahili na kuiponda kwa mavazi, makahaba na kamari hadi anaishia kufungwa minyororo katika hospitali ya wendawazimu ya Bedlam. Aliuzuia usitoke hadi sheria ianze kutumika mwezi Juni 1735. Wenye maduka hawakulala. Walituma watu nyumbani kwake wakijifanya wateja waliokuja kutazama michoro ya rangi, wakakariri walichokiona na kwenda kuchonga nakala kwa kumbukumbu. Nakala hizo zilitoka kabla ya picha halisi, na makosa yake yanachekesha hadi leo. Kuelekea mwisho wa mkasa wa Tom kuna picha ya gereza la wadaiwa. Ni gereza la Fleet.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Alichora bila malipo michoro miwili mikubwa ya ngazini katika hospitali ya St Bartholomew, karibu na alikozaliwa. Alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kwanza wa hospitali ya watoto waliotupwa, iliyopewa hati mwaka wa 1739 kwa juhudi za baharia mstaafu Thomas Coram, naye akawashawishi wachoraji wenzake waipe kazi zao, hivi kwamba matajiri walipofika kuziona picha waliona pia watoto. Yeye na Jane hawakujaliwa mtoto. Walilea baadhi ya watoto wa hospitali hiyo katika nyumba yao ya Chiswick, ambayo siku hizi ni makumbusho.

Mnamo 1745 alitoa Marriage A-la-Mode, kisa cha ndoa ya kununuliwa baina ya mwana wa bwana mkubwa aliyefilisika na binti wa mfanyabiashara aliyetaka cheo. Wengi wanaihesabu kuwa kilele chake. Hata hivyo, alipoiuza michoro ya rangi ya kisa hicho mwaka wa 1751 alipata pauni 126 pekee kwa yote sita, na jambo hilo lilimkera vibaya. Matajiri aliowacheka walinunua karatasi zake kwa furaha, lakini ukutani mwao waliendelea kutundika michoro ya Waitaliano.

Katika kazi hizi kuna watu ambao wasomaji wa Ulaya kwa muda mrefu waliwapita bila kuwatazama. Ni Waafrika. Mvulana mwenye kilemba anamletea Moll birika la chai, na mtumishi mweusi anagawa vinywaji chumbani mwa bibi aliyeolewa kwa pesa, huku mtoto mwingine mweusi akikishika kisanamu chenye pembe na kucheka, akijua siri ya uzinzi wa nyumba ile. Mnamo 1985 mwandishi David Dabydeen, mzaliwa wa Guyana, alichapisha kitabu kizima juu ya watu hao. Uingereza ya Hogarth ilitajirika kwa biashara ya watumwa. Hakuipigia kelele biashara hiyo kama alivyoupigia ulevi, na hilo halina budi kusemwa. Ila mara kwa mara Mwafrika wa pembeni ndiye anayewaona waungwana walivyo, naye msanii alimchora akiwa na macho yaliyo wazi.

Kuhusu ulevi hakuuma maneno. Mwaka wa 1751, London ikiangamizwa na pombe kali ya bei rahisi iitwayo gin, alichapisha Gin Lane kwa shilingi moja, bei aliyoiteremsha makusudi ili ifike mbali. Mama mwenye vidonda miguuni anatoa tumbaku huku mtoto wake akiporomoka kutoka ngazini. Seremala anaweka rehani msumeno wake. Juu ya dari iliyoporomoka kinyozi amejinyonga. Picha mwenza, Beer Street, inawaonyesha wanywaji wa bia wakiwa wanene na wachangamfu, hoja ambayo daktari wa leo hataikubali. Bunge lilipitisha sheria ya kubana uuzaji wa gin mwaka huohuo, ingawa si haki kumpa Hogarth sifa zote. Rafiki yake Henry Fielding, hakimu na mwandishi wa riwaya, alikuwa ameandika dhidi ya ulevi huo huo mwanzoni mwa mwaka.

Vitabu vilimrudia uzeeni. Laurence Sterne, kasisi aliyezuka ghafla kuwa mwandishi maarufu, alimtumia mtu ambembeleze achore picha ya Tristram Shandy. Hogarth alikubali, akatoa moja mwaka wa 1760 na nyingine 1761. Katika ya kwanza Koplo Trim anasoma mahubiri, mwili wake umeinama kwa mkunjo uleule ambao Hogarth alikuwa ameusifu katika kitabu chake cha mwaka wa 1753 juu ya urembo, alipodai kuwa mstari unaopinda kama nyoka ndio mzuri kuliko yote. Wapinzani wake waliucheka sana mstari huo. Sterne aliusifia ndani ya riwaya.

Ugomvi wa mwisho alijitakia mwenyewe. Akiwa mchoraji rasmi wa mfalme tangu 1757, mnamo 1762 alitoa picha ya kuunga mkono serikali iliyotaka kumaliza Vita vya Miaka Saba. Mbunge John Wilkes, aliyekuwa rafiki yake, alimrarua katika gazeti lake, akimdhihaki yeye na hata mkewe. Wilkes alipofikishwa mahakamani mwaka uliofuata, Hogarth alikuwa ndani ya ukumbi na kalamu yake. Picha aliyoitoa ilimwonyesha mtetezi wa uhuru akiwa na makengeza na nywele bandia zilizosimama kama pembe. Maelfu ya nakala yaliuzwa.

Mshairi Charles Churchill, mwandani wa Wilkes, alijibu kwa shairi kali lililomwita Hogarth mzee aliyekwisha. Hogarth, ambaye sasa alikuwa mgonjwa, alilichukua bamba la zamani lenye picha yake mwenyewe na mbwa wake, akaufuta uso wake kwenye shaba na mahali pake akamchonga Churchill katika umbo la dubu mlevi mwenye rungu na kopo la bia. Mbwa alimwacha pale pale, akilikojolea shairi. Huenda hakuna picha nyingine inayomweleza mtu huyu vizuri zaidi: alikuwa tayari kujifuta uso ili adui asilale na ushindi.

Alifariki usiku wa kuamkia Oktoba 26, 1764 nyumbani kwake Leicester Fields, akazikwa Chiswick. Churchill alimfuata siku chache baadaye.

Jane aliachiwa mabamba. Miaka 14 ya sheria ilikuwa imepita kwa kazi nyingi maarufu, na maharamia walikuwa wakisubiri mlangoni. Mwaka wa 1767 Bunge lilirekebisha sheria, likaongeza muda wa hakimiliki hadi miaka 28, na kwa kifungu maalumu likampa mjane huyo miaka 20 ya kuchapisha kazi za mumewe peke yake. Akisaidiwa na binamu yake Mary Lewis, aliendelea kuuza picha katika nyumba ileile hadi alipofariki mwaka wa 1789. Mary alimwachia mchapishaji John Boydell mabamba hayo ili alipwe pato la kila mwaka maishani mwake, na mwaka uliofuata shaba ile ikarudi tena kwenye mashine.